Mablanketi ya Mikunjo Mitatu

Nanjala rafiki yangu,

Nakuandikia nikiwa dukani hapa Kitale, nimekalia kile kigoda ulichokuwa ukikiita kiti cha hakimu, na mbele yangu kuna rundo la mablanketi. Mengine ni yangu na mengine ni yako, na mimi sijui yapi ni yapi. Binti yako Nafula anakuja leo. Alinipigia simu Alhamisi akasema, "Anti, Jumamosi nakuja Kitale, usifunge mapema," kisha akakata. Hakusema anakuja kwa nini. Sijui kama anakuja na baba yake mdogo, sijui kama anakuja na chifu, au anakuja tu kunisalimia. Ungekuwa hai ningekupigia nikuulize, nawe ungenicheka kwanza halafu ndipo unijibu. Sasa nimebaki na kalamu.

Unakumbuka tulivyoanza mambo haya? Ni ile asubuhi safu yetu ya maduka ilipoungua. Fundi cherehani wa pale mwisho aliacha pasi ya makaa juu ya kitambaa akaenda kutafuta nyuzi, na kufikia wakati wa chai mimi sikuwa na blanketi hata moja la kujifunika mwenyewe. Watu walinipa pole wakaenda zao. Wewe ulitoka Bungoma ukaja, ukasimama kwenye majivu na gambuti zako za bluu, ukaniuliza kama nimekula. Halafu ukaniambia, "Sikia, Mama Saimo. Nusu ya mali yako ikuwe inakaa kwangu, na nusu ya yangu ikae kwako. Moto haiwezi panda gari itoke Kitale ikuje Bungoma, bana." Nilikuona kama umechanganyikiwa. Nilipofika nyumbani nikafikiri tena, nikaona hata benki haijawahi kuniletea akili kama hiyo.

Basi tukaishi hivyo miaka yote. Sote tulinunua kwa Bwana Singh wa duka la jumla, mablanketi yale yale ya kijivu yenye mstari mwekundu ambayo wazazi huwanunulia watoto wa bweni. Hatukuyatia alama, ila kila mmoja alikunja yake mwenyewe kabla ya kuyapeleka kwa mwenzake. Wewe ulikunja mara tatu kwa sababu ulisema kukunja mara nne ni kuliumiza blanketi. Mimi nilikunja mara nne kwa sababu rafu zangu ni nyembamba, na pia kwa sababu wewe ulisema nisikunje hivyo. Kila mtu aliyeingia duka lako au langu angeweza kuona kwa macho tu nani ana nini. Idadi ulikuwa nayo wewe kichwani, mimi sikujisumbua nayo. Nilijua nikikuuliza utanijibu hata ukiwa umelala.

Yule mama wa bima, Bi Chebet, alipopita dukani mara ya kwanza na mkoba wake, ulikuwa umekuja kunitembelea. Ulimsikiliza kwa adabu mpaka akamaliza, ukamwekea chai, kisha ukanigeukia mimi: "Bima yako ni mimi, na yangu ni wewe. Si hiyo inatosha?" Bi Chebet alicheka, akanywa chai yake. Alituuliza swali moja tu kabla ya kuondoka: na mmoja wenu akifariki? Ukamwambia hatujapanga kufa mwaka huu. Tukacheka sote watatu, mimi nikicheka kuliko nyinyi.

Nimekukasirikia, Nanjala, acha niseme. Tulijikinga na moto, tukajikinga na wezi, ukanunua vidonge vya nondo ukavijaza mpaka wateja wakawa wanapiga chafya. Lakini ile presha ulikuwa unaibeba tu kama mzigo wa sokoni. Kadi ya bima ya afya uliacha kuilipia ukasema utaendelea mahindi yakiuzwa. Mwili wako haukuwa na nusu nyingine uliyoiweka kwangu. Ningekuwa nayo ningekuletea mbio.

Sasa nifike mahali panaponiumiza.

Tulikuzika Myanga, kwa marehemu mume wako, mvua za kupanda zikianza. Siku ya tatu tukakaa lufu, kile kikao cha baada ya maziko, kama desturi. Mzee akasimama akauliza, anayemdai marehemu aseme, na anayedaiwa na marehemu aseme, ili kesho mtu asije na maneno mengine. Mama mmoja wa Ndalu akasema una debe lake la maharagwe. Jirani yako akasema ana ngazi yako, akaenda kuileta saa hiyo hiyo. Mzee akazungusha macho, yakanifikia mimi. Nanjala, mimi ni Mbukusu, nimezaliwa na kukulia katika desturi hii, najua kwamba anayenyamaza pale amenyamaza kabisa. Na bado nilinyamaza. Nilikuwa nafikiri, hili ni deni? Mimi sikukopesha kitu, wala sikukopa kwako. Nikisema una mali yangu dukani watadhani nimekuja kuchukua kwa yatima. Nikisema nina mali yako watauliza ni ngapi, na aliyejua idadi alikuwa mle kaburini. Nikiwa bado nalipanga neno la kuanzia, mzee akasema basi, na watu wakaanza kusimama.

Wiki hiyo shemeji yako Wekesa akatia kufuli kwenye duka lako Bungoma. Mwanzoni nilimtukana moyoni. Baadaye nikaona anafanya tulilokuwa tukifanya sisi, anawalindia watoto wa ndugu yake mali isije ikaliwa na watu. Tatizo ni kwamba nusu yangu imo humo ndani. Nilimpigia nikajaribu kumweleza mambo ya nusu kwa nusu, nami mwenyewe nilikuwa nikijisikia nadanganya. Akaniuliza kwa upole, "Sasa Mama Saimo, mbona hukusema lufu?"

Watu hapa sokoni wananiambia, wewe una shida gani, yake yako kwako na yako yako kwake, chukua hiyo mko sawa. Kuna siku nakubali. Nikikubali nalala vizuri, nikiamka namkumbuka Nafula na wadogo zake, naanza upya. Kwa sababu hatuko sawa, na hata kama tuko sawa, nani amehesabu? Kisha nawaza, nikimkabidhi Wekesa nusu yako, watoto wataiona? Nikimpa Nafula, naye akose kunipa yangu, shule zikifunguliwa Januari nitauza nini? Unajua mwaka wetu wote uko pale, kwenye zile siku chache wazazi wanapokuja na karatasi ya shule mkononi. Nikizikosa hizo, hili duka silioni likifika Machi. Saimo ananiambia nimwachie Mungu. Nimemwachia, lakini na mimi naendelea kuwaza.

Kama hayo hayakutosha, paa likavuja. Ilikuwa ile mvua ya mawe, unazijua mvua za huku. Asubuhi nikakuta rafu ya juu imelowa yote, yako na yangu. Nikayatoa nje nikayaanika kwenye ua, kwenye kamba, kwenye mabati ya choo, kila mahali. Jioni mawingu yakarudi. Nikayakusanya kwa haraka huku nikikimbizana na matone, nikayakunja, nikayapanga, nikafunga duka nikijipongeza. Nilipofungua siku iliyofuata ndipo nikaona. Yote yalikuwa mara nne. Mkono ulikuwa umeyakunja wenyewe, bila kuniuliza. Nilikaa chini nikalia kuliko nilivyolia Myanga, na sijui nililia nini, mali au wewe. Ile mikunjo mitatu ndiyo kitu chako cha mwisho kilichokuwa humu dukani, na nimeikunjua mimi.

Ndipo nikamtafuta Bi Chebet mwenyewe. Nilitaka bima ya moto na ya mvua na ya kila kitu. Akatoa karatasi zake akaniuliza swali jepesi kabisa: mali iliyomo dukani ni ya nani? Nikasema yangu. Nikasema hapana, nusu. Nikasema ya marehemu. Akaweka kalamu chini. Akanieleza pole pole kwamba mali ya mtu mwingine iliyowekwa kwako inaweza kukatiwa bima, lakini lazima isemwe wazi, na mwenyewe ajulikane, la sivyo siku ya hasara mtakuja kusumbuana. Nikamwambia nitarudi nikijua. Amekuja mara mbili tangu hapo na mara zote nimemwambia bado sijajua.

Naacha hapa kidogo, kuna mteja.

Ni jioni sasa. Nafula alikuja na ameshaenda.

Alikuja peke yake. Kwapani alikuwa na magunia matupu, mapya, yamefungwa kwa kamba. Nikajua amekuja kubeba. Nikamkaribisha chai, akainywa, akasema haina tangawizi ya kutosha, na ni kama wewe mtupu uliyekuwa ukisema.

Akaniambia alikuwa amekwenda kwa baba yake mdogo kumweleza kwamba nusu ya vitu vya dukani ni vya Anti wa Kitale. Wekesa akamuuliza lile lile, mbona alinyamaza lufu. Nafula akamwomba afungue tu aone kwa macho. Wakafungua. Rafu ya kulia mara tatu, rafu ya kushoto mara nne. Wekesa akashika moja la mara nne, akalitazama, akasema, "Huyu mama nimekaa na yeye miaka mingi. Hii si kukunja yake." Halafu akafunga tena. Akasema hatanyima mtu haki yake, ila niende Myanga niyaseme mbele ya watu maneno ambayo sikuyasema. Nikishasema, kufuli linatoka siku hiyo.

Nilifurahi kwa muda mfupi sana. Kwa sababu kule kwako mikunjo imenishuhudia, na huku kwangu nimeifuta. Nilimwonyesha Nafula rundo. Nikamweleza mvua, kamba, mabati ya choo, yote. Nikamwambia, "Mama yako alikuwa na hesabu, mimi sina. Chukua unayoona ni yenu. Ukitaka yote, chukua yote." Na nilikuwa nasema kweli.

Nafula alivua viatu, akakaa kwenye mkeka, akavuta blanketi la kwanza, akalikunjua kwenye mapaja yake. Akalikunja mara tatu. Akalipiga kofi moja katikati, kama wewe, akaliweka kando. Akavuta lingine. Mimi nimesimama tu na kikombe mkononi. Wateja wawili walichungulia wakapita. Aliendelea hivyo mpaka marundo mawili yakawa yanalingana urefu, akayatazama kwa jicho moja, akarudisha blanketi moja upande wangu. "Ni sawa, Anti?" Nilitaka kumwambia aongeze. Nikaitikia tu kwa kichwa.

Nikainama nimsaidie kuyatia kwenye magunia. Akanishika mkono. "Hizo gunia ni za mahindi ya baba mdogo, alinituma ninunue huku ati ni rahisi. Blanketi wacha zikae." Nikamwuliza zikae wapi. Akanishangaa. "Si hapa tu. Si Mama alisema moto haiwezi panda gari?"

Nanjala, sikujua kama anajua hayo maneno.

Akasema ila safari hii tuandike, yeye na mimi na shahidi, kwa sababu wewe hukuandika na umetuhangaisha. Alisema hivyo hivyo, umetuhangaisha, na tukacheka mpaka nikatafuta pa kushika. Jumatatu nitampigia Bi Chebet. Nitamwambia sasa najua mali ni ya nani, na nitataja majina mawili.

Bado yako mengi siyajui. Sijui kama marundo yale kweli yanalingana na hesabu yako ya kichwani. Sijui kama umekasirika au uko huko unacheka. Sijui Myanga nitaanzaje kusema. Lakini Jumamosi ijayo nitakwenda. Nitasimama pale pale nilipokuwa nimekaa, niseme kwamba Nanjala hanidai na mimi simdai, tulikuwa tunatunziana, na watoto wake nitaendelea kutunziana nao. Wakiniuliza nilikuwa wapi siku ile, nitasema nilikuwa napanga neno la kuanzia.

Lala sasa, dada. Paa nimelipiga mabati mapya upande ule wa rafu ya juu, na yako nimeyaweka huko. Yakilowa tena nitayaanika. Na jioni nitayakunja mara tatu, hata mawingu yakiwa yananikimbiza.

Wako wa Kitale,
Mama Saimo