Acha Nafasi Kwenye Mpunga

Surigao, mwezi wa kumi

Mpendwa Nanay,

Naushika mkono wako na kuuweka kwenye paji la uso wangu. Goti lako vipi siku hizi? Sisi wazima, ila mimi usingizi umenikimbia. Ising anaota meno na hataki kulazwa, anataka kubebwa tu.

Umeona nimeandika Surigao, umeshangaa. Kwenye simu ungeita jina langu tu nami ningeanza kulia, ndiyo maana nimechukua karatasi.

Tulikubaliana nikuletee Ising umlee, mimi nirudi kiwandani Manila. Kisha ukapata ujumbe wangu kwamba bandari ya Matnog imefungwa kwa dhoruba, nimegeuza kurudi Manila.

Dhoruba ilikuwepo kweli. Basi letu lilikaa kwenye foleni nyuma ya malori mpaka kesho yake, ndipo likaingia tumboni mwa feri, na sisi abiria tukapanda kwa miguu. Kando yangu alikaa mzee amekumbatia boksi lenye jogoo wa kupigana. Akaniuliza mtoto nampeleka wapi, nikamwambia. Akasema, wewe binti una moyo, maana yeye jogoo huyu hamwachii hata dada yake, atamlisha ovyo. Watu wakacheka. Nami nilicheka, Nanay, halafu machozi yakanitoka.

Sasa nikwambie. Sikugeuza. Basi lilipita mlangoni kwako asubuhi ile na nilikuona. Ulikuwa umeanika mpunga pembeni mwa barabara kama kila mwaka, lakini mbele ya nyumba uliusogeza kwa reki ukaacha nafasi ili basi lisimame. Konda akaniuliza, dada, si ulisema hapa? Nikamwambia bado. Ising alikuwa amelala, mkono wake ndani ya blauzi yangu. Ujumbe niliutuma tukiwa tumeshakupita. Nikaendelea na barabara ileile mpaka bahari ya pili, nikavuka hadi huku Surigao, nikamfuata Arnulfo, baba yake Ising, kwenye gereji alikoajiriwa. Chumba chetu kidogo, na kazi bado natafuta.

Unisamehe ule uongo, na mpunga uliousogeza bure. Lakini mtoto simwachi, hilo usiniombe tena.

Mavuno yajayo tunakuja. Acha tena nafasi kwenye mpunga, ila iwe upande wa pili wa barabara, maana tutatokea kusini. Tutashuka watatu na tutaondoka watatu.

Ising naye anakushika mkono.

Ni mimi mwanao,
Marivic