Nzi Usoni kwa Sironka

Mjukuu wangu Nasieku, nakusalimu kutoka Ololosokwan. Mvua imenyesha vizuri. Babu yako anakohoa, ila bado ananifokea, kwa hiyo ni mzima.

Umeniuliza kama sisi wa zamani tuliamini vijidudu visivyoonekana. Mama yangu hakuamini hata siku moja.

Miaka ile ya sabini mdogo wangu Sironka alikuwa anatambaa, macho yanatoka usaha, nzi wamejaa usoni. Bibi yetu alikuwa ameshapofuka kwa ugonjwa huohuo. Mimi nilikuwa msichana mbishi, nimejifundisha kusoma kwa makaratasi ya kufungia sukari. Muuguzi aliyepita kutoka hospitali ya Wasso akanipa dawa ya kupaka machoni, akasema nzi wanabeba vijidudu, mtoto anawishwe uso kila siku. Nikakimbia kumwambia Mama.

"Nzi wanafuata ng'ombe," akasema. "Tukiwafukuza, watu watasema tumefilisika."

"Sasa Mama, unataka awe na nzi au awe na macho?"

Alimtazama Bibi, aliyekuwa anapapasa ukuta akitafuta mlango. Kisha akachukua kibuyu cha maji, akamnawisha mtoto mwenyewe, akampaka ile dawa, na kesho yake tena.

Sironka alipoanza kutembea, jirani mmoja akaja kumchokoza Mama: "Mbona mtoto hana nzi? Ng'ombe wameisha?"

"Wapo," Mama akasema. "Mfuate huyo akupeleke. Anawaona."

Haya, gari la Loliondo linapiga honi, nampa utingo barua hii.

Koko wako