Mvumo kwenye Simu ya Mama

Kiboriloni, Jumapili

Dada Kornelia, shikamoo.

Mwaka huu bahati inanifuata kama mbwa nyuma ya mchinja mbuzi. Ule mvumo kwenye simu ya mezani ya mama, uliowashinda mafundi wawili wenye vyeti, nimeugusa mara moja tu ukanyamaza! Old Moshi nzima wananiita injinia. Ng'ombe naye kazaa jike.

Najua miezi minne ulipiga ukasikia "vuuu" tu, ukadhani mama hataki kuongea nawe kwa yale maneno mliyorushiana Krismasi. Naye alidhani wewe ndiye umemnunia. Alikuwa akiweka simu chini anasema, "Kornelia hanitaki tena." Mimi nipo hapo hapo nakunywa supu yangu ya mtori.

Juzi alikuja binti fundi umeme, Aika. Akazunguka nyumba, akauliza, "Mama, fimbo ya ethi, ile nondo ya kupeleka umeme ardhini, iliyochimbiwa hapa iko wapi? Bila hiyo simu lazima ivume."

"Labda wezi," mama akasema.

Nikadakia, "Wezi, tena wa chuma chakavu!"

Aika akachimbia nyingine, simu ikatulia.

Dada, ile ya kwanza niliing'oa mimi Januari, nikaifanya kigingi cha kumfungia ng'ombe. Mama bado hajui. Humu nimetia jani la isale la kuomba msamaha, lipokee kabla hujanitukana. Halafu mpigie mama leo, anakungoja.

Mdogo wako,
Primus

Simu sikuitengeneza. Mimi ndiye niliyeiharibu.