Leo Baba Yenu ni Abiria

Wanangu,

Maharage yako jikoni, yapasheni moto tu. Mlango wa nyuma mfunge, msijifanye mmesahau kama kawaida yenu.

Tumechukua gari. Tunavuka na kivuko, kisha tunafuata barabara ya pwani mpaka kwenye mnara wa taa. Baba yenu kaendesha kivuko kile hadi kustaafu, taa ile ikimwongoza kila usiku, na hajawahi kuufikia mnara wenyewe.

Asubuhi nimemkuta kavaa sare za kazi, kofia na yote! Nikamwambia, "Vua, mzee. Leo wewe ni abiria."

Akasimama kama anayeota, akaniuliza taratibu, "Abiria hukaa wapi?"

Nikamwambia, "Kando yangu."

Tutarudi ~~kesho jioni~~ tukishiba upepo.

Mama yenu