Dole la Filemon na Maji ya Mfongo

Mpendwa mshauri, naomba msaada, ila naanza na wewe mwenyewe, maana kila jioni redioni unatuimbia "tuma maoni yako kwa wasapu", na sisi wenye simu za tochi tupige filimbi? Hii barua nimeiandika kwa mkono wangu, niliishia darasa la nne, usinisahihishe.

Mfongo wetu hapa Kibosho, huu mfereji wa maji ya mashambani, tangu nimeolewa kikao chake ni palepale kwenye banio, pale maji ya mto yanapoingilia, siku ya kuuzibua, mwenye jembe ndiye mwenye mdomo, na sisi wajane tunachimba na tunasema, sasa mwenyekiti wa mfongo Eliamini kahamishia kikao kwenye kundi la simu, na humo wamejaa vijana wa Dar na Arusha ambao tope la mfongo hawalijui hata rangi, wakaulizana maji tuipe hoteli ya wageni inayojengwa kule juu, wakabonyeza madole gumba, basi imepita, Jumamosi wanafunga tawi la kwetu, migomba yangu ikauke na ng'ombe ale nini? Nikamfuata Eliamini.

"Bibi, watu wamekubali."

Watu gani? Mimi sikukubali.

"Kwenye kundi, asiyejibu tunahesabu amekubali."

Jirani yangu Yuditha simu yake inashinda mfukoni mwa mumewe, naye eti amekubali! Na kumbe nyumba yangu ilijibu, mshauri, mwanangu Filemon kaweka dole akiwa hukohuko Dar, kwa sababu mambo ya simu nilimwachia yeye, mimi si mtu wa kukodolea kioo, nampigia ananijibu, "Mama, si nimekuwakilisha? Ni maendeleo hayo." Filemon, aliyesomeshwa na migomba hiyohiyo! Nimlaani, au nifanyeje?

Bibi Hellen, Kibosho

JIBU

Shikamoo Bibi Hellen. Umenikaripia, nimestahili, na ndiyo maana barua yako naisoma hewani kabla ya ujumbe wowote wa simu.

Sasa na wewe kaa unisikilize. Laana weka chini. Filemon amekosa kwa kutokukuuliza, lakini nani alimkabidhi mdomo wa nyumba? Wewe, kwa maringo yako ya kutokodolea kioo. Na Eliamini aache mzaha: mtu ambaye hakuulizwa hawezi kuwa amekubali. Kundi ni la kupashana habari, maji waamue wanaoyamwagilia.

Usimfuate tena peke yako, atasema bibi kazeeka. Mpitie Yuditha, wapitie wajane wote, mwende kwa mtendaji wa kijiji mkadai mkutano wa kila mtu, pale kwenye banio, kabla tawi halijafungwa. Akiwazungusha, Jumamosi alfajiri tangulieni na majembe, mzibue mfongo kama siku zote, na kikao kianze hapohapo. Wa Dar wakitaka, wasikilize kwa simu.

Na leo hii, kabla hujapika, mpigie Filemon: aondoe dole lake kundini mbele ya wote, au apande basi aje na jembe.