Karatasi ya Nyumbani

Buzebazeba, Kigoma
Jumapili, baada ya adhuhuri

Kwa Dada yangu Mwanaidi,

Shikamoo Dada. Goti linaendeleaje? Usinidanganye kwamba limepona, maana Mama kaniandikia kuwa bado unashuka ngazi za shule kinyumenyume. Na macho yake yeye, ile dawa inamsaidia? Shemeji bado anakohoa? Mimi mwili ni mzima, dagaa nakula mpaka nimewachoka, na joto la huku nimeshalizoea. Moyo ndio si mzima. Ningekuandikia wiki iliyopita, lakini kila nikishika kalamu naiweka chini.

Umeniuliza kama magazeti ya Shemeji yamefika na kama yamefaa. Yamefika. Furushi lilishuka na treni likiwa na kamba ileile uliyoifunga wewe, na darasa la saba wakalishangilia utadhani pilau. Kama yamefaa, ngoja nikueleze yote, halafu utaniambia wewe.

Nilifanya kama ulivyonishauri. Nikachagua magazeti mawili ya miaka ya nyuma yenye habari moja, ya boti ya wakimbizi iliyovuka kutoka ng'ambo ya ziwa ikafika ufukweni kwetu. Gazeti moja limeandika kwamba watu hao walipokelewa. Jingine limeandika walikamatwa. Nikaandika ubaoni maswali matatu: Nani ameandika? Ameandika lini? Alitaka nini? Dada, darasa lilichemka! Watoto wanaosinzia kila siku wakasimama kubishana. "Gazeti lako linadanganya!" "Linadanganya lako!" Mimi nimekunja mikono pembeni, najiona mwalimu kwelikweli.

Ndipo Furaha akanyoosha mkono. Furaha ni binti mpole, anakaa karibu na dirisha, hesabu anazijua kuliko mimi. Mama yake anashona nguo sokoni Mwanga, na kila mtu anajua kwamba ni Wamanyema wa hapahapa Ujiji, watu wa siku nyingi. Akasema taratibu, "Yote mawili ni kweli, Mwalimu. Kwanza walitukamata, halafu wakatupatia uji."

Walitukamata. Wakatupatia. Kumbe naye alikuwemo botini! Furaha mwenyewe akajiziba mdomo kwa mkono. Mtu mwenye akili angelipitisha neno lile kimyakimya akaendelea na somo. Mdogo wako je? Nilifurahi! Nikapiga makofi nikasema, "Mmeona? Huyu ndiye shahidi mwenyewe, aliyekuwepo, si wa kusimuliwa!" Kengele ikalia, na kwa sauti yangu hii unayoijua nikawatangazia kazi ya kesho yake: "Kila mtu aje na karatasi ya nyumbani kwao! Asiye na karatasi asiingie darasani kwangu!"

Soma tena maneno hayo, Dada, ukiwa hapo Kilosa. Hayana ubaya wowote, eti? Hata mimi sikuona ubaya. Nilitaka wakaangalie kwao kama kuna maandishi yoyote tuyaulize maswali yetu matatu, basi.

Asubuhi yake nikaita majina. Furaha hayupo. Amisi na dada yake Mariamu, wanaokaa nyuma ya Furaha, hawapo pia, nao hawajawahi kukosa shule hata siku ya mvua. Nikamuuliza kiranja kulikoni. Akatazama viatu vyake. "Wameogopa karatasi, Mwalimu."

Mwalimu Mkuu wetu ni Muha, mzee wa maneno machache. Kila asubuhi ananisalimia "mwakeye", namjibu vibaya, anacheka. Siku hiyo hakunisalimia. Alisimama mlangoni pa darasa akaniita nje.

"Umewaita watoto na karatasi?"

"Ndiyo, Mzee. Gazeti, kalenda, chochote kile."

"Ulisema gazeti?"

Nikajaribu kukumbuka. "Nilisema karatasi."

"Mwalimu, hapa karatasi si kitu cha kufungia maandazi. Anayeulizia karatasi hapa ni mtu wa uhamiaji, anakuja na gari, na asiye nayo anapakiwa. Wewe umeiulizia siku ileile ambayo mtoto wa watu ametoboa siri ya kwao. Unafikiri mama yake ameelewa nini?" Akatoa ufunguo mfukoni. "Chukua baiskeli yangu. Darasa nitakaa nalo mimi."

Kwao Furaha nikakuta kufuli. Jirani alikuwa anamenya mihogo, na kisu hakukisimamisha. "Wametoka na mizigo yao. Wamekwenda Kibirizi."

Yarabi! Kibirizi ndiko zinakoondokea boti, na ng'ambo kule ndiko walikokimbia bunduki. Neno langu moja lilikuwa linawarudisha watu vitani! Nikajifunga ile kanga ya Mama kibwebwe, nikapanda baiskeli ya wanaume, mimi ambaye mara ya mwisho nimeendesha ulikuwa unanishikia kiti. Pale Mwanga wapiga soga wakaniimbia mpaka nikapotea machoni mwao. Sikuwajibu, na unajua mimi si mtu wa kunyamazia watu. Nilikuwa nasema peke yangu njia nzima, isiondoke, isiondoke.

Ilikuwa haijaondoka. Wachukuzi walikuwa wanapakia magunia ya chumvi, injini inakohoa moshi. Niliwaona kwenye mchanga, upande wa pili wa dagaa walioanikwa: Mama Furaha na mtoto mgongoni, na Furaha amekaa juu ya furushi, sare ya shule inachungulia chini ya kitenge. Mama Furaha hakunitazama usoni. Alitazama nyuma yangu, barabarani.

"Umekuja na nani, Mwalimu?"

"Na baiskeli, mama. Baiskeli tu."

Nikaanza kumwomba radhi. Nilisema mengi, nikachanganya, nikamwambia somo, magazeti, nikamtaja mpaka Shemeji. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia, kwa kile Kiswahili chao cha ng'ambo, neno ambalo sitalisahau.

"Kwetu pia alianza mwalimu. Aliandika majina ya batoto, na kabila ya kila baba. Alisema ni ya shule."

Dada, ningeapa, lakini hata yule mwalimu wao labda aliapa. Nahodha akapiga kelele watu wapande. Mama Furaha akainama kushika furushi, na mimi nikaanza kulia mbele ya wachukuzi kama mtoto aliyepotelewa na kandambili.

Furaha hakuinuka. "Mama, tumuulize yale maswali." Akanigeukia. "Mwalimu, ile kazi uliiandika mahali?"

Nilikuwa na mkoba wangu begani, na ndani yake andalio la somo, lile daftari ambalo hatuingii darasani bila Mwalimu Mkuu kulitia sahihi. Siku zote nalilalamikia, wewe ni shahidi. Nikampa. Akalifungua kwenye magoti yake, kidole kinapita mstari kwa mstari.

"Nani ameandika? Mwalimu. Hii hati yake, 'g' zake zina mkia mrefu," akamwambia mama yake. "Ameandika lini? Juzi. Tazama, sahihi ya Mwalimu Mkuu na tarehe. Mama, juzi mimi nilikuwa sijasema kitu. Jana ndiyo nimesema."

"Alitaka nini?" mama yake akauliza. Mama Furaha hajui kusoma.

Furaha akasoma kwa sauti, kama ubaoni. "Kila mwanafunzi alete karatasi yoyote ya nyumbani yenye maandishi. Kwa mfano gazeti, kalenda, pakiti ya majani ya chai."

"Soma tena pale."

"Pakiti ya majani ya chai."

Mama Furaha akanitazama usoni kwa mara ya kwanza. "Majani ya chai," akasema. Akafyonya, akanifyonya mimi kabisa, na nilistahili. Nahodha akaita tena. Akamjibu bila kugeuka, "Nenda!"

Lakini hakulirudisha andalio. Alinitaka niuchane ule ukurasa nimpe, nikauchana, mkaguzi atanifokea akitaka kufoka. Akaukunja mara nne, akautia kwenye mfuko wa nailoni alioufunga kiunoni, pamoja na karatasi zake nyingine. Hizo nyingine sikuuliza ni zipi, wala sitauliza.

Nikamuuliza habari za Amisi na Mariamu. Akatazama ziwani. "Mama yao hakungoja. Walipanda ya kwanza, ya alfajiri."

Jumatatu Furaha alirudi. Alileta pakiti ya majani ya chai, akaiweka mezani kwangu, akakaa dirishani pake. Mwalimu Mkuu aliwaambia darasa kwamba yaliyosemwa darasani yamebaki darasani, na mpaka leo yamebaki. Madawati mawili ya nyuma yake hayana mtu. Kila asubuhi naita, "Amisi," nangoja, "Mariamu," nangoja, na darasa zima linangoja pamoja nami. Kwenye daftari la mahudhurio natakiwa kuandika kwamba hawapo. Bado naacha wazi. Nimemwuliza kila anayeshuka Kibirizi kutoka ng'ambo, na hakuna aliyewaona.

Nisalimie Mama, mwambie kanga yake ndiyo iliyonibeba mpaka Kibirizi. Msalimie Shemeji na watoto wote, na babu wa jirani anayekuazima redio. Mama Furaha naye anakusalimu, amesema aliyetuma magazeti naye akague mdomo wa mdogo wake.

Ulitaka kujua kama utume mengine. Tuma, Dada. Safari hii lakini usifunge kamba kabla hujayasoma. Ukikuta habari yoyote ya boti iliyotoka Kibirizi, hata iwe mistari miwili chini ya tangazo, iweke juu kabisa. Usinifiche kwa kunihurumia. Nitaisoma, nami nitauliza nani ameandika, na lini, na alitaka nini.

Ni mimi mdogo wako, mwenye mdomo,
Tatu