Asumini ya Bi Zuhura

Mjukuu wangu Rukia,

Marahaba, mwanangu. Sisi hapa Mtongwe tu wazima, alhamdulillahi. Mamako goti limepoa, na yule mbuzi wake mkorofi kazaa pacha.

Waniuliza kama uolewe na mwanamume aliyefiwa na mkewe, uingie nyumba yenye nguo za marehemu. Hizo riwaya zako za siri na mapenzi zimekutia hofu! Basi nisikilize mimi.

Babu yako aliponioa, naye alikuwa amefiwa na mke. Jina la marehemu halikutajwa nyumbani. Lakini kila nilipofungua kabati lilinukia asumini mbichi, na uani kwetu hapakuwa na mti wa asumini. Mamake babu yako akiinusa kama mimi, kisha husema, "Hapana harufu hapa."

Siku moja harufu ile ikanifuata hadi jikoni, ikasimama nyuma yangu kama mtu. Nikatoka mbio, nikamuuliza babu yako, "Aliitwa nani?"

"Zuhura," akasema, akalia kama mtoto.

Harufu haikuondoka, wallahi. Ila tangu siku ile ilikuwa ya mtu ninayemjua.

Kwa hivyo muulize mchumba wako jina la marehemu, na umtazame uso akilitaja.

Jana nilifungua kabati kukutafutia leso. Asumini ikanukia chumba kizima. Nikasema, "Karibu, Zuhura. Mjukuu wetu kaposwa."

Bibi yako,
Mwanaisha